Suruali ya Kulindia Nyani

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitoka mjini, na vitabu vyake vilitoka mjini zaidi. Siku moja alituambia sisi akina mama wa Sitalike, tuliokaa kwenye madawati ya watoto magoti yanakaribia kidevu, kwamba wanyama ni walimu wazuri. Chungu anafundisha bidii. Njiwa anafundisha upole. Nyuki anafundisha ushirikiano. Tukanakili. Mimi nikanyoosha mkono nikauliza, "Na nyani, mwalimu?"

Akacheka. Akasema nyani hana cha kufundisha, huyo ni wa fujo tu.

Nikashusha mkono kwa heshima, lakini moyoni nikasema huyu baba hajawahi kulima mahindi kando ya hifadhi.

Kwetu wanyama si picha za kwenye kitabu. Kiboko akitoka mtoni kula majani, akijisaidia anazungusha mkia kwa nguvu, kinyesi kinaruka huku na huku, ili wote wajue amefika. Nina ndugu katika Bwana ambao wakiitwa kutoa neno la dakika tano wanafanya vilevile. Ngiri naye anakula amepiga magoti ya mbele, mnyenyekevu kabisa, ungedhani anashukuru chakula, na chakula chenyewe ni viazi vyangu. Tangu nimjue ngiri, mtu akipiga magoti sana karibu na mimi huwa naangalia kwanza mdomo unatafuna nini.

Lakini aliyenifundisha kweli ni nyani, na alinifundisha mwaka ambao mume wangu alivunjika paja.

Alianguka na baiskeli mteremkoni, gunia la mkaa likamwangukia juu. Akapelekwa hospitali Mpanda, mguu ukaning'inizwa kwa kamba na uzito, tukaambiwa atakaa hivyo si chini ya miezi miwili. Mimi nikabaki na watoto wanne, wote wa shule, na shamba la mahindi ambalo ndiyo kwanza linatoa nywele. Mpunga wa bondeni viboko walikuwa wameshaumaliza, hawakutuachia hata mbegu. Kwa hiyo yale mahindi ndiyo yalikuwa ugali wetu mpaka mvua nyingine. Hakukuwa na shamba la pili. Hakukuwa na mjomba mwenye ghala. Ni yale tu.

Mume wangu alipokuwepo, nyani walikaa ng'ambo ya korongo. Akikohoa tu, wanapanda miti. Siku ya tatu baada ya yeye kupelekwa Mpanda, wakavuka. Nikapiga debe, nikapiga kelele, nikawakimbiza mpaka kanga ya mabegani ikanidondoka. Watoto wao walikimbia kidogo, kwa kunifurahisha. Mkubwa wao, dume lenye mabega kama ya mpagazi wa magunia, alikaa juu ya kichuguu akaniangalia. Akaniangalia kichwa, akaniangalia kitenge, akaniangalia miguu. Halafu akanyoosha mkono, akavunja hindi, akaanza kulimenya taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa.

Hapo ndipo nilipopata somo la kwanza. Anayetaka kukuibia hakudharau tu hivihivi. Amekusoma kwanza, tena bila masomo ya jioni.

Jumamosi nikapanda lori kwenda Mpanda kumwona mgonjwa. Nikamkuta amelala chali, mguu juu, ndevu zimeota.

"Nyani wanaendeleaje?" Ndivyo alivyonisalimia. Hakuuliza watoto.

"Wanakula."

"Wamejua mimi siko?"

"Walijua kabla sijajua mimi."

Akafikiri, akaangalia dari. "Nyani haogopi mwanamke," akasema. "Usikasirike, sijawafundisha mimi. Vaa suruali yangu."

"Baba watoto! Mimi nimeokoka."

"Najua. Lakini nyani hawajaokoka. Chukua ile ya kaki, na koti, na kofia. Ukitembea usitembee haraka haraka kama unawahi kwenye kwaya. Tembea kama huna haraka na dunia. Na ukohoe."

"Nikohoe vipi?"

Akanionyesha. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kutuangalia. Nikajaribu. "Hapana, hiyo ya kwako ni ya mtu mwenye mafua," akasema. "Toa chini kabisa. Toa tumboni." Nikajaribu tena. Nesi akaja mbio na kopo la kutemea.

Sasa lazima ueleweke msimamo wa kanisa letu. Mwanamke kuvaa suruali, kwetu ilikuwa ni kosa linalokaa jirani na kunywa pombe. Hata ndani ya gauni, hata wakati wa baridi ya Juni, hapana. Na mimi nilikuwa nasimama mstari wa mbele kwenye kwaya, sauti ya kwanza. Kwa hiyo nikaweka suruali chini ya kapu, juu yake majani ya maboga, nikaenda nayo shambani kama mtu anayeficha chupa ya gongo. Nikavalia nyuma ya kichuguu. Kiuno kilikuwa kikubwa, nikafunga na mpira wa tyubu ya baiskeli. Nikashusha kofia, nikatoka, nikatembea kama sina haraka na dunia. Nikakohoa kutoka tumboni.

Nyani wakainuka wote kwa pamoja. Yule mkubwa akasimama kwa miguu miwili, akaangalia, akapiga kelele moja, na kundi zima likavuka korongo, akina mama wamebeba watoto tumboni, mikia juu. Mimi nikakaa chini katikati ya mahindi nikacheka mpaka machozi yakatoka. Halafu nikatubu. Halafu nikacheka tena.

Wiki mbili sikupoteza hata hindi moja. Jioni navua, naweka kapuni, narudi nyumbani mama wa kanisa.

Ila shamba letu linaonekana kutoka barabarani. Hilo sikulipigia hesabu.

Mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, mke wa mzee wa kanisa, mtu wa maombi kweli. Yeye ndiye aliyetufungisha siku tatu tusile kwa ajili ya mguu wa mume wangu. Basi Jumapili moja, kabla ya mahubiri, akasimama kushuhudia.

"Bwana asifiwe!"

"Amen!"

"Bwana asifiwe tena!"

"Amen!"

"Wapendwa, mnamjua ndugu yetu aliyelazwa Mpanda, mguu umening'inizwa kama nyama buchani?"

"Tunamjua!"

"Alhamisi napita na baiskeli. Namwona kwa macho haya mawili yuko shambani kwake. Anatembea! Anarusha mawe! Anakohoa kile kikohozi chake!"

Kanisa likalipuka. Vigelegele, ngoma, watu wanaruka. Mama mmoja akanikumbatia akanilowesha bega lote kwa machozi. Kwaya ikaanzisha wimbo wa shukrani na mimi nikajikuta naimba, maana mdomo wa mwanakwaya hausubiri kichwa.

Nitasema ukweli. Nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria mpaka ubeti wa pili. Mungu anasifiwa, watu wamefurahi, mahindi yangu yanapona, nani ameumia? Lakini nikamwona mume wangu anashuka kwenye lori na magongo mwezi unaofuata, na kanisa zima linauliza uponyaji umekwenda wapi. Nikatoka kwenye mstari, nikanyoosha mkono.

"Wapendwa," nikasema, "yule aliyekuwa anakohoa ni mimi."

Ngoma ikafa. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Anasemaje?" Jirani yake akamjibu kwa sauti, "Anasema mume wake ni yeye."

Baada ya ibada nikaitwa kwa wazee. Walikaa watano kwenye benchi, wote wamevaa suruali. Aliyeongoza kikao alikuwa yule mume wa mama mwenyekiti, mzee mwenye sauti ya pole na miwani iliyofungwa uzi.

"Dada yetu, suruali umeivaa au hukuivaa?"

"Nimeivaa, mzee."

"Ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Mwenyewe anajua?"

"Ndiye aliyenituma."

Wakaangaliana. "Unajua Torati inakataza?"

"Najua, mzee. Nimeisoma mwenyewe, maana mwaka huu ndiyo nimeanza kusoma mwenyewe. Nikatafuta na mahali panaposema nani atanilindia mahindi, hapo bado sijafika."

Mzee wa mwisho kwenye benchi akakohoa kuficha kicheko. Kikohozi chake kilikuwa kizuri, nyani wangekimbia.

Wakaniambia nichague. Niache suruali, au nitoke kwenye kwaya, nikae benchi la nyuma, na Meza ya Bwana nisiikaribie. Nikawaomba wanipe wiki tano, mahindi yakauke, nitatubu yote kwa pamoja. Mzee akasema toba haipangiwi tarehe. Nikasema basi na mimi siachi, kwa sababu watoto wangu hawatakula benchi la mbele. Nikatoka nje. Benchi la nyuma si mchezo kwa mtu aliyezoea kuimba. Unakaa na watoto wanaolia na wale waliokamatwa na pombe, na kila mmoja anakuuliza wewe umefanya nini.

Mama mwenyekiti alikuwa ananisubiri chini ya paa la nje. Alikuwa ameumia, na alikuwa na haki. Nilikuwa nimemwaibisha kwenye ushuhuda.

"Tatizo lako ni imani," akasema. "Mwanamke mwenye imani analinda shamba na kitenge chake. Kesho nakuja mimi nikuonyeshe."

"Karibu sana, mama."

Akaja kweli, asubuhi, kitenge kipya, kitambaa kichwani, Biblia, na bakuli la viazi vitamu limefungwa na kitambaa cheupe. Mimi nami siku hiyo nikakaa na kitenge changu, suruali iko kapuni. Tukaomba. Aliomba vizuri, sina la kusema. Tulipofumbua macho nyani walikuwa wameshavuka.

"Shindweni!" akasema, akasimama.

Hawakushindwa. Wakaingia mistari ya pembeni, wakaanza kuvunja. Mama akawakimbilia, mikono juu, anakemea, kwa mbio ambazo sikujua anazo. Yule mkubwa wao akatoka katikati ya mahindi akamzuia njia. Akapiga mwayo, meno yote nje. Mama akasimama. Halafu yule mkubwa akageuka, polepole, akampa mgongo, akainua mkia, akamwonyesha matako yake na wekundu wake wote. Akabaki hivyo. Hakuwa na haraka na dunia.

Nyuma yetu kijike kimoja kilikuwa kimeshafungua kitambaa cheupe.

"Wamechukua viazi vyangu!"

"Na mahindi yangu, mama. Mistari miwili."

Akarudi akakaa juu ya kichanja cha kulindia, anahema. Mwisho akasema, "Amenigeuzia matako."

"Nimeona, mama."

"Mimi. Mwenye wajukuu. Mke wa mzee wa kanisa."

"Hajui cheo chako."

"Angejua?"

"Angejua angesogea karibu zaidi."

Nilidhani atanipiga. Akacheka mpaka kichanja kikayumba. Alipomaliza akapangusa macho kwa upande wa kitenge. "Ile suruali iko wapi?"

"Kapuni. Ila nimekatazwa."

"Na nani?"

"Na mume wako."

"Mume wangu hajageuziwa matako. Vaa!"

Nikavaa. Nikakohoa. Wakakimbia wote, pamoja na bakuli. Mama mwenyekiti akashuhudia kwa yale macho yake mawili, na kesho yake akaja na suruali yake, yaani ya mumewe, ile nyeusi ya suti ya zamani. Yeye hakuhitaji mpira wa tyubu. Alihitaji kufungua kifungo.

Alichomwambia mumewe nyumbani sikijui. Najua tu kwamba Jumapili wazee walinitangazia uamuzi mpya: suruali ikiwa shambani ni kifaa cha kazi, kama jembe, na kama jembe haiingii kanisani. Nikarudi kwenye kwaya. Aliyesoma tangazo hakuinua macho kutoka kwenye karatasi.

Ningependa hadithi iishie hapo, mimi mshindi. Lakini nyani naye alikuwa bado anajifunza.

Hapa naomba uvumilivu. Mtu anayelinda shamba toka asubuhi anakunywa maji, na maji yana njia yake. Siku moja mchana nikaenda kwenye mfereji, nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikafungua mpira, nikachuchumaa. Juu sikuangalia. Yule mkubwa alikuwa kwenye mti ng'ambo ya korongo, moja kwa moja mbele yangu. Tukaangaliana. Yeye akainamisha kichwa upande mmoja, akaniangalia vizuri mpaka nilipomaliza. Mume wangu hakuwahi kuchuchumaa kwa kazi ile.

"Wahu!" akasema.

Baada ya muda wakaja wanne, bila kukimbia. Wakanizunguka kwa mbali, wakanikagua kofia, koti, suruali. Nikakohoa kutoka tumboni. Mmoja akakaa chini. Nikarusha jiwe. Akaliangalia linapita. Yule mkubwa akavunja hindi mbele yangu. Mama mwenyekiti alikohoa mpaka akatapika, wapi. Kuanzia saa ile suruali ilikuwa kitambaa tu.

Mahindi yalikuwa bado wiki tatu kukauka. Nilikaa juu ya kichanja nikalia. Si kwa sababu ya aibu, nilikuwa nimeshaizoea. Nililia kwa sababu nilihesabu mistari iliyobaki, nikahesabu na midomo ya nyumbani.

Mama mwenyekiti akanivuta mkono. "Inuka twende." Tukaenda moja kwa moja kwa mumewe, tukamkuta kivulini anapaka mafuta mnyororo wa baiskeli. Sisi wote tumevaa suruali, tumepita nazo katikati ya kijiji, hata hatukukumbuka.

"Baba," akamwambia, "nyani wamekataa suruali tupu. Wanataka mwenyewe awe ndani."

Mzee akaweka kitambaa chini. "Walijuaje?"

Tukaangaliana mimi na mama.

"Usiulize," mkewe akasema. "Kesho unakwenda wewe. Keshokutwa mwenzako. Mko watano, panganeni. Nyie ndio mlikaa mkasema suruali ni ya mwanaume. Haya, ileteni shambani na mwanaume wake."

Mzee akamwangalia mkewe, akaokota kitambaa, akafuta mafuta mikononi.

Asubuhi akaja na kiti chake cha kukunja. Nikamwonyesha korongo, nikamwonyesha mistari, nikamwekea mawe tayari karibu na mkono. Akakaa. Akasoma kidogo. Kabla umande haujakauka miwani ikateleza mpaka ncha ya pua, mdomo ukafunguka, akaanza kukoroma.

Nikajificha nyuma ya kichuguu na jembe mkononi, nasubiri maafa. Nyani walikuwa ng'ambo, wamejipanga kwenye matawi, wanamwangalia. Yule mkubwa akashuka, akaja mpaka ukingo wa korongo. Mzee akageuza shingo usingizini, akakoroma kwa nguvu. Yule mkubwa akarudi juu.

Hakuvuka hata mmoja. Mimi nilikimbia, nilikohoa, nilirusha mawe mpaka bega likavimba, nilikaa benchi la nyuma. Mzee alilala, na wakamheshimu. Nilimshukuru Mungu na nikamlalamikia kidogo, yote katika sala moja.

Wakaja hivyo wazee watano kwa zamu, wiki tatu. Wawili walilala kila siku. Mmoja alileta drafti akacheza peke yake. Mimi nilikuwa nawapelekea uji, nao waliniambia kazi hii ni ngumu sana, dada, hatukujua. Mume wangu alirudi na magongo wakati maganda yameshakuwa makavu, akakaa barazani akatuelekeza namna ya kuvuna. Kwaya yote ilikuja kubeba. Tukapukuchua, tukajaza kihenge mpaka mfuniko ukagoma kukaa sawa.

Mzee yule wa miwani ndiye aliyeomba. Alishukuru kwa mvua, akashukuru kwa udongo, halafu akamshukuru Mungu kwa nguvu alizowapa wazee za kupambana na mwovu usiku na mchana katika shamba lile. Mama mwenyekiti alikuwa amesimama pembeni yangu, macho yamefumbwa. Akanifinya paja mpaka nikaruka.

"Sema amina," akaninong'oneza.

Nikageuza jicho moja nikaangalia kihenge. Nikasema amina, tena kwa sauti ya kwanza.